Marinda ya Smoki Yanapokataa Kukaa Sawa: Dalili, Sababu na Matengenezo

Smoki ni mshono ambao kitambaa hukusanywa kwanza kwa nyuzi za muda mpaka kikawa marinda membamba yaliyobanana, kisha migongo ya marinda hayo hudariziwa kwa mkono, na mwisho nyuzi za muda huchomolewa, kikabaki kifua cha gauni kinachovutika bila lastiki. Asili yake ni mashati ya kazi ya wakulima wa Uingereza wa karne ya 18 na ya 19, waliohitaji nguo ya kuinamia na kunyooshea mikono wakati lastiki haijaenea. Hapa Unguja kazi hii hunijia zaidi kuanzia Rajabu, kina mama wanapoanza kufikiria magauni ya Sikukuu, na pamoja na kazi huja mafurushi ya kazi zilizoharibika katika mikono ya watu waliojaribu wenyewe. Wanaolalamika ni wengi, lakini malalamiko yao hayazidi kumi.

Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho. Katika kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi na kumalizia na ile ya nadra, na nimetaja mahali pa kuacha na kumwita mwenye ujuzi.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ndogo ya mkono, yenye rola za shaba ya njano zilizochongwa meno, na sindano zilizopinda ambazo hukaa katika vijifereji vya rola hizo. Ziko zenye sindano 16, 24 na 32, na nafasi kamili kati ya mstari mmoja wa uzi na mwingine ni kiasi cha sentimita moja kasoro kidogo. Kitambaa huingia kikiwa kimetandazwa, hubanwa na meno, huchomwa na sindano zote kwa pamoja, na hutoka upande wa pili kikiwa kimekwisha kukunjika juu ya nyuzi. Mashine ndiyo hutupiwa lawama kwanza. Mimi, kila ninapofungua furushi, hutazama kwanza ukingo wa kitambaa, kwa sababu makosa mengi ninayoyakuta yalifanyika mezani kabla kitambaa hakijaigusa mashine.

Sindano zinakatika au zinapinda

Bibi mmoja wa Wete alinipigia simu akiwa amekasirika: "Bi fundi, mashine hii imenivunjia sindano nne asubuhi moja!" Nikamuuliza kama alikuwa amekata kingo za kitambaa. "Kingo zipi tena?" akasema, na hapo nikajua kwamba mashine yake ni nzima.

Ukingo wa kiwandani, ule mkanda mwembamba unaokwenda urefu wa jora pande zote mbili, umesukwa kwa nyuzi zilizobanana kuliko sehemu ya kati. Upitishe baina ya vidole viwili nawe utausikia ugumu wake. Sindano za mashine hii hazina nguvu ya kuupenya zote kwa mara moja. Ya kwanza hupinda, ya pili huigonga, na ya tatu hukatika. Kwa hiyo kata ukingo wote pande zote mbili, kiasi cha sentimita moja na nusu, kabla ya kitu kingine chochote.

Sababu ya pili ni mishono iliyokwisha kushonwa. Gauni la ukosi wa duara, ambalo mikono yake huunganishwa na mwili kabla ya kutiwa marinda, hupitisha mishono minne katika mashine, na kila mshono ni kituo cha hatari. Shona mishono hiyo iwe myembamba, ipunguze ibaki milimita tatu, ilaze kwa pasi upande mmoja, kisha uisugue kwa kipande cha nta au mshumaa mweupe upande wa chini. Mshono unapoikaribia mashine, acha kuzungusha kwa mazoea: nenda robo mzunguko, tazama, nenda robo nyingine. Ukisikia mkono umekaza, rudi nyuma kidogo sana na uanze tena taratibu, lakini usifanye hivyo zaidi ya mara moja mahali pamoja, kwa sababu kuzungusha mbele na nyuma ndiko kunakozivunja sindano zilizokuwa zimeponea mshono wenyewe.

Sababu ya tatu ni kuvuta kitambaa kinapotoka. Mkono wa kushoto unapaswa kukipokea tu na kuyasogeza marinda polepole kutoka kwenye sindano kwenda kwenye nyuzi. Wenye haraka hukivuta kama wanavyovuta kitambaa nyuma ya cherehani, na sindano hufuata mvuto huo zikatoka katika vijifereji vyake. Kosa la kinyume nalo lipo, yaani kuyaacha marinda yarundikane juu ya sindano mpaka zikainuka zenyewe. Kila baada ya mizunguko michache simama uyasogeze.

Ikiwa hayo yote uko salama nayo, chunguza sindano yenyewe. Legeza skrubu za kishikio, itoe, uilaze juu ya kioo au sahani ya bapa pamoja na sindano mpya. Iliyopinda vibaya utaiona haikai kama mwenzake, na iliyochoka ncha hukwaruza ukiipitisha juu ya ukucha. Usiinyooshe kwa koleo, bali ibadilishe. Unapoirudisha, hakikisha imezama mpaka chini ya kijifereji na tundu lake limeelekea lilikoelekea la jirani yake, kisha kaza skrubu kwa kiasi cha kuzishika sindano bila kuzikandamiza.

Hapa kuna onyo ambalo sitaki lisomwe kwa haraka. Sindano ikikatika, kusanya vipande uviunganishe mezani kama mtu anayeunganisha kigae cha sahani. Kikikosekana kipande, hata ncha ya milimita mbili, kazi isimame. Pitisha sumaku juu ya kitambaa, juu ya rola, sakafuni na kwenye mkeka unaoukalia. Usipokipata, kitambaa hicho kisivalishwe mtoto, hata kama ni kitambaa chepesi cha doria cha bei kubwa na mwenyewe anasubiri mlangoni. Na kama ncha imekuingia kidoleni na huioni, usiichokonoe kwa sindano nyingine. Nenda hospitali, kwani chuma chembamba husogea ndani ya nyama kila unapokisukuma. Vaa miwani, hata ya jua, unapopitisha kitambaa kizito.

Marinda yanakwenda kombo

Dalili yake ni kwamba marinda huanza wima na kumalizika yakilala upande, au mstari wa juu wa uzi huanza sentimita moja kutoka ukingoni na kufikia mwisho ukiwa sentimita nne chini yake. Hii ndiyo kasoro inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, kwa sababu huonekana kazi ikiwa imekwisha.

Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio unaozikata kwa upana. Nyuzi za muda hufuata mshindio, na marinda husimama kwa kufuata mtande. Muuzaji akikata kwa mkasi kwa kukisia, kama ifanywavyo wakati wa msongamano wa Sikukuu katika maduka ya Mchangani na Darajani, mkato wake hauufuati mshindio hata kidogo, na ukiuchukua mkato huo kuwa ndio mstari wako wa kuanzia, umekwisha kupotea.

Ukaguzi ni rahisi. Chomoa uzi mmoja wa mshindio karibu na mkato, uufuate kwa jicho kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha kata juu ya ufa ulioachwa na uzi huo. Bafta, yaani kitambaa chepesi cha pamba, na poplini nyepesi zinaweza pia kuchanwa kwa mkono, nazo hujichana zenyewe kwa kufuata uzi. Doria usiichane, inavutika pembeni. Baada ya kukata, kunja kitambaa katikati ukinganishe pembe kwa pembe. Pembe zikikataa kukutana, kitambaa kimevutwa mshazari wakati wa kufungwa jora: kinyunyizie maji, kishike kwa pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, zile zilizo fupi, ukivute pole pole, kisha ukipige pasi kwa kufuata mtande. Mara nyingi hili linahitaji watu wawili, na mtoto wa skuli aliyerudi nyumbani anatosha.

Baada ya mshindio, mtuhumiwa wa pili ni ufito. Kitambaa hukunjwa juu ya ufito laini kabla ya kuingia mashineni, na kikikunjwa kwa kulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine, marinda yatafuata ulegevu huo hadi mwisho. Anza kwa kuulaza ukingo wa kuanzia juu ya ufito ulingane nao kabisa, ukunje ukiwa umekaa mezani na si hewani, na kila baada ya mzunguko uupapase upana wote kwa kiganja. Ufito uliopinda utupe. Mimi natumia mpini wa ufagio uliopigwa msasa, nao haujaniangusha tangu niuache ule mwanzi niliokuwa nao, ambao mafundo yake yalikuwa yakikivuta kitambaa katikati bila mimi kutambua.

Sababu ya tatu ni namna ya kulisha. Shika ncha mbili za ufito zikiwa sawa kwa kimo na kwa umbali kutoka mashineni. Pitisha upana wa vidole vitatu tu, usimame, utazame. Kama mstari wa juu umekwisha kuanza kushuka, chomoa hapo hapo. Kuuinua ufito upande mmoja ili kurekebisha huleta mgongo wa mawimbi, ambao ni mbaya kuliko kombo lenyewe.

Ipo sababu ya nadra isiyo na tiba. Vitambaa vya drafti na vya mistari viko vya aina mbili: vilivyofumwa kwa nyuzi za rangi, na vilivyopigwa chapa juu. Cha chapa kinaweza kuwa kimechapwa upogo na kiwanda, miraba ikaenda upande huu na nyuzi upande ule. Tazama nyuma yake, na kama rangi imefifia sana huko, basi ni cha chapa. Uzi ukifuatwa, miraba itaonekana imelewa. Miraba ikifuatwa, gauni litajisokota baada ya kufuliwa. Kirudishe dukani kabla hakijaguswa na mkasi.

Mkono wa mashine unakaza, au kitambaa kinagoma kuingia

Kwanza tazama kitambaa, kisha mashine. Kitambaa kipya huja na kanji ya kiwandani, na kanga mpya ndiyo mfano wake mzuri, ngumu kama karatasi mpaka ifuliwe. Fua, anika, piga pasi, ujaribu tena. Kitenge kizito, satini nene na kitambaa kilichopigwa rangi ya kunatanata haviifai mashine hii hata vikifuliwa. Nani alimwambia mtu kwamba kila kinachopendeza dukani kinafaa marinda? Hata kanga, ambayo hupita vizuri, hupoteza pindo na mji wake ndani ya mikunjo, kwa kuwa kinachobaki kuonekana ni kama theluthi moja ya kitambaa. Bafta, doria, melimeli na poplini nyepesi ya pamba ndizo zinazoshukuru.

Kama kitambaa ni chepesi na bado mkono umekaza, toa kila kitu na uzungushe mashine tupu. Ikizunguka vizuri, kosa ni wingi wa marinda yaliyorundikana. Ikikaza tupu, safisha meno kwa mswaki mkavu, kwa sababu vumbi la pamba likichanganyika na mafuta ya zamani hufanya kitu kama udongo. Kisha pitisha karatasi ya nta mara mbili tatu bila uzi. Hulainisha sindano na kutoa uchafu kwa pamoja. Mafuta ya cherehani yatiwe tone moja tu kwenye ncha za mihimili, si juu ya meno.

Ikiendelea kukaza, au ukisikia mlio wa chuma kugonga chuma kila mzunguko mahali pale pale, acha. Huenda rola imepinda au jino la gia limekatika, na kuulazimisha mkono kwa bomba au koleo hugeuza tatizo la jino moja kuwa la rola nzima. Ipeleke kwa fundi anayechonga vyuma kwa mashine, umwonyeshe pia rola iliyo nzima ili apime meno yake. Usikubali mtu azipige rola msasa, kwani meno yakipungua, marinda hayatalingana tena.

Uzi unakatika au unachomoka

Mara nyingi uzi ulikuwa mfupi. Watu hukata uzi kwa kufuata upana wa kazi itakavyokuwa baada ya kukunjika, kisha wanapotaka kuyafungua marinda wayapange vizuri, ncha huzama ndani na mstari wote hupotea. Kata uzi uwe na urefu wa kitambaa kilichotandazwa, ukiongeza shibiri moja, nawe hutakuwa na sababu ya kuulaumu.

Baada ya urefu hufuata uchakavu: uzi wa pamba uliokaa miaka katika kopo huvunjika ukiuvuta kwa mikono miwili, na uzi wa namna hiyo haufai. Tumia uzi imara wa kushonea, mweupe au wa rangi ya mpauko, na uepuke mwekundu na mweusi, kwa kuwa mvuke wa pasi unaweza kuihamisha rangi yake ndani ya marinda. Kama uzi mpya unakatika kila mara kwenye sindano ile ile, tundu la sindano hiyo lina kutu au ukali, nayo ibadilishwe.

Mstari mmoja ukikatika katikati ya kazi, si lazima uchomoe yote. Chukua sindano ya mkono yenye uzi, upite ndani ya matundu yale yale ya mstari uliokatika, rinda baada ya rinda, ukifuata mistari ya juu na chini yake. Ikikatika miwili inayofuatana, anza upya.

Madoa ya kahawia na ya mafuta

Hili ni tatizo letu sisi tunaokaa karibu na bahari kuliko la mtu mwingine. Hewa ina chumvi, na wakati wa masika chumba chote huwa na unyevu kiasi kwamba hata kiberiti hakiwaki. Mwaka mmoja niliacha bafta nyeupe nusu imepita mashineni, nikaenda mazikoni shamba, nikakaa siku tatu. Niliporudi, kila sindano ilikuwa imeacha alama yake: vistari kumi na sita vya rangi ya chai, vimepangika kana kwamba nimevipima kwa rula. Kitambaa hicho kilikuwa cha mtu.

Kwa hiyo kitambaa kisilale ndani ya mashine hata usiku mmoja. Ukimaliza, pitisha karatasi ya nta, futa rola kwa kitambaa kikavu, uifungie mashine ndani ya kopo au mfuko pamoja na mchele mkavu uliofungwa katika kipande cha bafta, ambao utaukaanga tena kila baada ya wiki chache ili utoe unyevu ulioufyonza. Sindano za akiba ziwekwe katika kichupa chenye kifuniko, zikiwa zimepakwa mafuta kidogo. Kabla ya kazi yoyote nyeupe, pitisha kwanza kitambaa kibovu chenye upana ule ule, na kikitoka na mistari, rudia mpaka kitoke safi.

Doa la kutu likishaingia katika pamba nyeupe, kamulia limau, nyunyizia chumvi laini, ulianike juani saa moja au mbili, kisha suuza vizuri na urudie ikihitajika. Usilitie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hulikaza doa badala ya kulitoa. Kwa kitambaa cha rangi, jaribu limau kwanza katika kipande ulichokata, maana jua na limau vinaweza kuondoa rangi pamoja na kutu. Kwa hariri usijaribu nyumbani.

Doa la mafuta ni jepesi zaidi: paka poda ya mtoto isiyo na rangi au unga wa muhogo, liache usiku kucha, kung'uta, ufue kwa sabuni kabla ya kupitisha pasi. Doa la majivu linalotokana na pasi ya mkaa lipulizwe, lisisuguliwe. Na kama pasi ya umeme inatema maji yenye kutu, au waya wake umechubuka na unatoa cheche, ichomoe ukutani na umwite fundi umeme kabla hujaendelea na kitambaa chochote.

Matundu na nyuzi zilizovutika

Sindano butu husukuma uzi wa kitambaa badala ya kupita pembeni mwake. Matundu madogo ya pamba hujifunga kwa kufuliwa na kupigwa pasi, lakini ya hariri na ya satini hubaki. Uzi uliovutika urudishe kwa ncha ya sindano ya mkono ukianzia mbali na mvuto. Uzi uliokatika kabisa hauna dawa, ila kuuficha chini ya mshono wa kudarizi kama umeangukia mahali pazuri.

Bila mashine: marinda makubwa kwa madogo

Wengi wetu hatuna mashine, na kazi hii ilifanywa kwa mkono muda mrefu kabla mashine haijabuniwa. Anayeshona kofia za viua, zile zinazodariziwa kwa mkono, tayari ana jicho la kazi hii, kwani kazi zote mbili zinadai nafasi sawa zinazorudiwa maelfu ya mara, na mkono usiochoka kabla ya moyo.

Marinda yasipolingana, kosa karibu kila mara liko katika vitone na si katika kushona. Vitone huwekwa nyuma ya kitambaa, kwa nafasi ya milimita sita baina ya kitone na kitone, na sentimita moja baina ya mstari na mstari, kila kitone kikiwa chini ya mwenzake kabisa. Rula ikisogezwa kwa kila kitone, kosa la nusu milimita linajumlishwa, na ukifika cha themanini umepotea kwa sentimita nne. Tengeneza kibao cha karatasi ngumu chenye matundu, kikiwa na mistari mitano kwa vitone thelathini, na kila unapokihamisha kipandishe juu ya safu ya mwisho iliyokwisha kuwekwa. Drafti iliyofumwa haihitaji vitone, kwa kuwa pembe za miraba zinatosha.

Sababu ya pili ni kuokota kitambaa kingi hapa na kidogo pale. Sindano iingie upande mmoja wa kitone na kutokea upande wa pili, iokote nyuzi chache tu. Sababu ya tatu ni fundo dogo la mwanzo, ambalo hupenya kitambaa uzi unapovutwa. Funga fundo kubwa, na uzi wa mstari mmoja uwe mzima, usiunganishwe njiani. Penseli itumike kwa wepesi, na kalamu za kufutika kwa maji zisikutane na pasi kabla hazijafutwa, kwani zipo ambazo moto huifanya alama kuwa ya kudumu.

Kifua kimekuwa kidogo au kikubwa kuliko kipimo

Hesabu ya kuanzia ni mara tatu: kifua cha sentimita 25 kinataka kitambaa cha sentimita 75. Kitambaa cha upana wa sentimita 114 kitakupa kama 38. Hiyo ni hesabu ya bafta na poplini. Doria nyembamba hubanana zaidi na huweza kudai mara nne, na kitambaa kinene hutosheka na mbili na nusu. Pitisha kwanza kipande cha sentimita 30, ukidarizi kidogo, upime.

Kifua kikitoka kidogo ilhali kitambaa kilikuwa cha kutosha, angalia jinsi ulivyofunga nyuzi za muda. Yapange marinda yakae sawa kama meno ya kitana, yakiwa yamekaribiana lakini sindano ikiweza kupita baina yao, na funga kazi ikiwa pungufu ya kipimo cha mwisho kwa sentimita mbili au tatu, kwa kuwa italegea nyuzi zitakapotolewa. Kisha angalia mkono wako wa kudarizi: sindano ichukue kama theluthi ya kina cha rinda, na uzi uvutwe mpaka ukae juu ya rinda, usiibane shingo yake. Mshono wa kamba, ambao hupita rinda kwa rinda katika mstari mmoja, hauvutiki sana, na kifua kilichojaa mshono huo peke yake kitambana mtoto. Changanya na mawimbi au masega ya nyuki, ambayo huvutika.

Kifua kilichobana kidogo kinaweza kuokolewa. Kilaze kifudifudi juu ya meza ya pasi iliyotandikwa taulo, kishikize kwa pini kwa kipimo unachokitaka, ushikilie pasi ya mvuke juu yake bila kuigusa, ukiache kipoe na kukauka kabisa. Utapata sentimita mbili, pengine tatu. Ukihitaji zaidi, fumua.

Kama mbele panapendeza lakini marinda yanapanuka katikati ya maumbo makubwa, hakuna kilichoharibika: uliacha nafasi tupu isiyoshikwa na kitu. Geuza kazi, upitishe mstari wa mshono wa kamba nyuma yake kwa uzi wa rangi ya kitambaa, ukichukua kidogo sana ili usionekane mbele.

Gauni limeharibika baada ya kufuliwa

Pamba ambayo haikufuliwa kabla ya kukatwa hunywea, na maji ya visima vya huku, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, hayatoi povu na huacha kitambaa kimekakamaa, watu wakadhani kimenywea zaidi ya ukweli. Suuza kwa maji ya mvua kama yapo, kisha ndipo upime.

Kuchuja rangi ni jambo jingine. Uzi wa kudarizia mwekundu, wa buluu iliyokoza au mweusi ujaribiwe kabla ya kazi, kwa kuulowanisha na kuukandamiza kwa pasi juu ya kipande cheupe. Ukikuta gauni limekwisha kuchuja, usilianike wala usilipige pasi, kwani likikauka rangi imekaa. Lirudishe mara moja katika beseni la maji mengi baridi, ubadilishe maji kila yanapotiwa rangi, hata yakifika mara kumi, na mpaka yatakapobaki meupe lisitoke majini. Likiwa ni la hariri, au la mteja, au uzi wenyewe hukuununua wewe, lifunge bichi ndani ya mfuko na ulipeleke siku hiyo hiyo kwa dobi mzoefu, ukimwambia jina la kitambaa na aina ya uzi kabla hajaligusa.